Unga wa Safari ya Hamburg

Cleophas hakuwahi kudhani kwamba mwanamume anaweza kumwonea mwenzake wivu kwa ajili ya sahani ya chakula. Wivu wa mashamba aliujua, maana kazi yake ilikuwa kupima ardhi, na alikwisha kuwaona ndugu wa tumbo moja wakishikana mashati kwa sababu ya mpaka uliosogea hatua moja. Lakini huu wa sahani ulimjia mwaka ambao mkewe, Beverlyne, alichaguliwa na kiwanda cha chai alikofanya kazi kwenda Ujerumani kwa mafunzo.

Beverlyne alikuwa mwonjaji wa chai katika kiwanda kimoja upande wa Nyamira. Kila asubuhi alisimama mbele ya safu ya vikombe vyeupe, akavuta chai kutoka kwenye kijiko kwa mlio mkali, akaizungusha mdomoni, akaitema, kisha akasema: hii imekaushwa kupita kiasi, hii majani yake yalilala kwenye gunia. Ulimi ule ulimpa jina. Tumbo, hata hivyo, halikuwa na bahati ya ulimi. Alipomaliza kumnyonyesha binti yao Kemunto alianza kukonda akawa kama ufito, akawa haishi kuharisha na kuishiwa damu, watu wakanong'ona yao, mpaka daktari mmoja wa Kisumu akagundua kwamba mwili wake hauelewani na gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano na shayiri. Dawa hakuna, daktari alisema, dawa ni kutokula. Chapati, mandazi, mkate, keki ya harusi, hata unga kidogo wa ngano ulioangukia sufuria ya mboga, vyote kwake ni sumu.

Cleophas aliyasikia hayo, akatikisa kichwa, wala hakuyatia moyoni. Nyumbani kwao Nyanchwa, pembeni mwa mji wa Kisii, aliendelea kukata mkate kwa kisu kile kile cha nyanya. Akiambiwa, alisema, "Aa, nimesahau." Kesho yake akasahau tena. Beverlyne akachoka kukumbusha. Akajiwekea sufuria yake, mwiko wake, na kopo lake la unga wa wimbi, yaani ulezi, uliotoka kwa mama mkwe wake, Persis, kule Manga. Kemunto alikuwa shule ya bweni, hivyo jioni mume na mke walikaa meza moja, kila mmoja na chungu chake, na Cleophas akaona ndivyo ndoa zinavyokuwa zikizeeka.

Siku mkewe alipomletea habari ya safari, jambo la kwanza lililomtoka mdomoni ni, "Utakula nini huko, Mama Kemunto? Wazungu ni watu wa mkate." Alisema kwa sauti ya huruma, lakini ndani yake kulikuwa na tumaini kwamba ugonjwa ule ungemrudisha mke nyuma.

"Makori ameshauliza," Beverlyne alijibu. "Ameongea na wenyeji wetu, wametutafutia vyumba vyenye jiko. Kila mtu na chake. Nitapika."

"Makori yupi?"

"Wa sehemu ya ukaushaji. Si tunaenda naye?"

Kwa mwezi mzima baada ya hapo, jina la Makori likawa kama mwiba wa samaki, halimezeki wala halitemeki. Makori ameuliza kuhusu chakula cha ndege. Makori amesikia kwamba madukani kule kuna mkate usio na ngano. Cleophas alimfahamu kwa kumwona: mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye mke na watoto, wa kukaa viti vya nyuma kanisani. Hakuwa na sura ya mtu wa kuiba mke wa mtu. Hilo ndilo lililomkera zaidi, maana hakuwa na la kumshika nalo.

Safari ilipokaribia, Persis alituma wimbi kutoka Manga. Alikuwa ameupeta na kuupeta tena, akauosha, akauanika juu ya mkeka mpya ambao haukuwahi kuguswa na nafaka nyingine. Jumamosi asubuhi Beverlyne alimkabidhi mumewe ndoo.

"Naomba unipelekee kwa Mokua, pale Nyaramba. Yeye husaga wimbi na mahindi tu. Usipeleke hapa sokoni, Baba Kemunto. Hapa wanasaga kila kitu."

"Nimesikia."

Alikuwa bado anavaa viatu simu ya mkewe ilipolia. Beverlyne alikuwa anakunja nguo, akaiweka kwenye spika. Sauti ya Makori ikajaa sebuleni. "Madam, nimejifunza kusema kwa Kijerumani kwamba huli ngano. Nisikilize." Kisha akatoa maneno magumu kama mtu anayetafuna kokoto, na Beverlyne akacheka. Akacheka kicheko ambacho Cleophas hakuwa amekisikia siku nyingi, kile cha kushika mbavu, mpaka akakaa juu ya nguo alizokuwa amezikunja.

Cleophas alichukua ndoo akatoka bila kuaga.

Aliendesha gari hadi njia panda ya kwenda Nyamira, akasimama. Wivu ulikuwa unamkereketa maini. Mimi ndiye wa kutumwa na ndoo, alijiambia, na yeye ndiye wa kuchekesha. Nyaramba ni mbali, petroli ni yangu, na wimbi ni wa mama yangu. Akageuza gari akarudi mjini, akaingia kwenye kinu cha sokoni.

Mbele yake kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akisaga unga wa uji wa kuchanganya. Cleophas aliona kwa macho yake kilichokuwa kwenye beseni: mahindi, soya, njugu, na ngano. Aliuona unga ule ukimwagika, na vumbi lake jeupe likitulia juu ya mashine. Mwanamke alipoondoka, msagaji akanyoosha mkono kwenye ufagio.

"Nifagie kwanza?"

"Saga tu," Cleophas akasema.

Baadaye angejiuliza mara nyingi kwa nini alisema vile. Hakutaka mkewe augue. Akili yake haikufika huko, au ilifika mlangoni akaifungia nje. Alichotaka ni kidogo tu: asiwe mtu wa kutii kila neno huku mwingine akivuna kicheko. Unga ulipokwisha, aliketi ndani ya gari kando ya uwanja wa michezo, akasikiliza redio muda unaotosha mtu kwenda Nyaramba na kurudi.

Beverlyne alifungua ndoo, akanusa, akafumba macho. "Mungu ambariki Mama. Mokua hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Beverlyne akafika Hamburg. Mwanzoni alipiga simu kila jioni, na habari zilikuwa za kupendeza: baridi inayochoma masikio, meli kubwa kama mitaa, maghala ya chai yenye harufu za nchi ambazo hakuzijua. Alikuwa amenunua mkate usio na ngano na kuushika mkononi kama mtoto. "Mkate, Baba Kemunto! Miaka yote hii, nimekula mkate!" Cleophas akasema ni vizuri. Moyoni akajiuliza ni nani aliyemwonyesha duka.

Kisha ikaja video. Ilichukuliwa na mmoja wa wanafunzi wenzao, ndani ya mkahawa. Makori amesimama mbele ya mhudumu, simu mkononi, akisoma yale maneno yake ya kokoto. Mhudumu hamwelewi. Makori anarudia, safari hii kwa mikono: anaonyesha sahani, anamwonyesha Beverlyne, kisha anajishika koo na kuanguka kitini kama maiti. Meza nzima inaangua kicheko. Mhudumu anacheka, anaelewa, anaingia jikoni kuuliza. Na Beverlyne anamtazama Makori, hacheki sana, ila uso wake umetulia kabisa, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Cleophas aliitazama video ile ofisini, ramani za watu zikiwa zimetandazwa mbele yake. Akaitazama tena. Kicheko hakikumsumbua. Kilichomkata ni ule uso. Alijaribu kukumbuka ni lini mkewe alimtazama yeye hivyo, akakosa, akaitazama video tena kana kwamba jibu lingetokea humo.

Jioni alimpigia. "Naona Makori amegeuka yaya wako."

"Ananiulizia tu nisidhurike. Kuna ubaya?"

"Mume wako ni mimi."

"Najua. Baba Kemunto, wewe mara ya mwisho kuniuliza kama nimekula ilikuwa lini?"

Cleophas akakasirika. Walimaliza simu vibaya.

Baada ya hapo Beverlyne hakupiga kwa siku kadhaa. Alipopiga, sauti yake ilikuwa nyembamba. Alikuwa mgonjwa. Jumamosi mchana walikula samaki kwenye mkahawa kando ya mto, Makori akiwa amewauliza wapishi kama kawaida. Jioni alihisi hamu ya nyumbani, akafungua unga wa Mama kwa mara ya kwanza, akasonga obokima, ugali wenyewe wa wimbi, akala kwa mikono yake huku machozi yakimlengalenga. Usiku tumbo likamkamata. Tangu hapo ni kutapika na kuharisha.

"Ni wale wa mkahawa," alisema. "Wamenidanganya, au Makori hakuuliza vizuri."

Cleophas alikuwa amesimama dirishani. Alijua papo hapo. Aliona vumbi jeupe juu ya mashine, aliona mkono wa msagaji ukienda kwenye ufagio. Na bado, kabla ya hofu kumfikia, kitu kingine kilifika kwanza, kitamu kama muwa: Makori amekosea.

"Nilikwambia," akasikia mdomo wake ukisema. "Umemkabidhi mtu wa pembeni tumbo lako. Ona sasa."

"Kweli," Beverlyne alisema kwa unyonge. "Nimemwambia asinitafutie chakula tena. Ameumia, lakini nifanyeje? Kuanzia leo sili cha mtu. Nitakula wimbi wetu peke yake."

Hapo ndipo hofu ilipofika. Cleophas alifungua kinywa kusema, hapana, usile huo. Neno halikutoka. Kulitoa ni kumtakasa Makori na kujivika matope yeye. Akasema, "Pumzika, Mama Kemunto," akakata simu. Akajiambia ngano yenyewe ni vumbi tu, labda kweli ni samaki, labda kesho ataamka mzima.

Hakuamka mzima. Kila jioni sauti yake ilizidi kufifia. Alikuwa anakunywa uji wa wimbi asubuhi na kula ugali wa wimbi jioni, akizidi kuumwa, akizidi kuwashuku Wajerumani na vyombo vyao, akizidi kushikilia chakula kimoja alichokiamini. Darasani chai zote zilikuwa na ladha ya maji ya chuma mdomoni mwake. Makori alikuwa akibisha mlangoni na kuacha ndizi na viazi, Beverlyne hakuvigusa. Cleophas aliyasikia haya yote, na, aibu iliyoje, sehemu moja ya moyo wake ilikuwa bado inashangilia ndizi kuachwa mlangoni.

Jumapili baada ya ibada alipanda Manga kwa mama yake. Alijidanganya kwamba anakwenda kumjulia hali. Persis alikuwa ameketi nje akichambua chinsaga, zile mboga chungu ambazo Beverlyne alizipenda. Alisogea akampa mwanawe nafasi.

"Tata, umekonda," alisema, akimwita baba kama akina mama wa Kisii wanavyowaita wana wao. "Na mke wangu je?" Hivyo ndivyo alivyomwita Beverlyne siku zote, mke wangu.

Cleophas akaeleza kwamba Beverlyne anaumwa kule ng'ambo, kwamba wamemlisha ngano. Akalitaja jina la Makori, akalitilia chumvi. Mama yake alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye mboga.

"Na wimbi wangu anaula?"

"Anaula, Mama. Hali kingine."

Persis akapumua, akatabasamu. "Ah, basi. Kama anaula huo atapona. Huo nimeuosha mimi mwenyewe."

Akaendelea kuchambua mboga, ametulia, hana shaka. Cleophas alitazama vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa majani, vikienda na kurudi. Angemlaani ingekuwa nafuu. Aliinuka, akasema anatafuta mtandao, akatembea hadi ukingoni mwa kilima ambapo njia ya miguu inateremka, akapiga simu ya mkewe.

Ikalia mara nyingi. Kisha ikapokewa, na sauti ikasema, "Halo?"

Ilikuwa sauti ya mwanamume.

Damu ilimpanda Cleophas kichwani hata akaona giza. Makori amepokea simu ya mkewe. Jumapili. Maneno yote mabaya anayoyajua mtu yalimjaa mdomoni.

"Bwana Cleophas, ni Makori. Tuko zahanati. Madam ameingia kwa daktari, ameniachia mkoba wake. Alianguka kwenye ngazi leo asubuhi." Alisema haraka, kama mtu anayejua anavyoonekana. "Kaka, mimi nimeshindwa. Nikimpa kitu hakili. Anakula tu ule unga wa nyumbani, na bado anaumia. Sielewi."

Cleophas alisimama. Chini yake boda boda ilikuwa inapanda kilima kwa shida, imebeba mtu na gunia. Aliingoja ipite. Alikuwa na njia mbili, kusema au kunyamaza, na zote zilipita mbele ya mtu huyu.

"Ni unga," akasema.

"Nini?"

"Ni ule unga. Sikuupeleka Nyaramba. Niliusaga sokoni baada ya mtu aliyesaga ngano. Niliona. Utupe wote, Makori. Mwambie daktari. Usimruhusu aule tena."

Cleophas alisikia mlango ukifunguliwa mahali fulani Ujerumani, na mtu akikohoa.

"Ulijua tangu aanze kuugua?" Makori aliuliza hatimaye.

"Nilijua."

"Na alipokuwa ananilaumu mimi?"

"Nilijua."

Sauti ya Makori ilikuwa ya upole kama siku zote, na upole ule ulimuuma Cleophas kuliko tusi. "Daktari nitamwambia sasa hivi. Unga nitautupa mimi mwenyewe. Lakini sababu utamwambia mkeo wewe. Hilo sikubebei."

Alimwambia kesho yake. Hakupamba. Alimweleza kuhusu njia panda, kinu, ufagio, na muda aliokaa garini akisikiliza redio. Beverlyne hakulia wala hakupaza sauti. Aliuliza swali moja tu: "Ulipokuja ukasema Mokua ananisalimu, ulikuwa unanitazama usoni?"

"Ndiyo."

"Haya," alisema, na simu ikakatika.

Alipata nafuu polepole kwa viazi, mayai na ndizi za Makori. Mafunzo aliyamaliza, ingawa si kwa sifa aliyoiendea. Siku ya kurudi, Cleophas alikwenda kuwapokea uwanja wa ndege wa Kisumu. Mke wa Makori alikuwepo pia, na alipomwona Beverlyne alimkumbatia kwa muda mrefu, akimgusa mifupa ya mabega na kusema pole, pole mwanamke mwenzangu. Makori alimpa Cleophas mkono. Hakuuminya wala hakuuachia haraka. Alimsalimu kama anavyosalimiwa mtu yeyote, akabeba masanduku yake akaenda.

Njia nzima ya kurudi Kisii Beverlyne alitazama nje. Walipofika Nyanchwa alisema, "Nitaishi humu, kwa sababu ni kwangu na kwa mtoto wangu. Lakini chakula cha mkono wako sili."

Na hakula. Alinunua kabati lenye kufuli, akaweka humo sufuria na unga wake, unga alioufuata Nyaramba mwenyewe. Chai aliyomimina Cleophas ilipoa mezani. Akimenya chungwa akampa nusu, nusu ile ilikaa hapo mpaka ikakauka. Yule aliyeumia kwa kuwa mwanamume mwingine alimlisha mkewe, sasa alikaa mbele ya mwanamke ambaye angepokea chakula kwa mpita njia kuliko kwake. Aliacha kuleta mkate nyumbani. Hakusifiwa kwa hilo. Visu aliviosha, meza akaipangusa kabla mkewe hajaketi, na Beverlyne akaipangusa tena.

Msimu wa mvua ulipita hivyo. Persis alikuja kuwatembelea, akaona kufuli, akamtazama mwanawe muda mrefu. Hakuuliza, na Cleophas akajua kwamba ameshaambiwa.

Jioni moja Beverlyne alirudi kutoka kiwandani amechoka, mgongo unamuuma. Akafungua kabati, akatoa unga, mwiko na bakuli la chinsaga, akaviweka juu ya meza karibu na jiko. Akakaa.

"Umeshika nini leo?" aliuliza.

"Sijashika ngano. Nimekula viazi mchana."

"Osha mikono."

Akaosha. Akabandika maji, akasonga ugali wa wimbi mkewe akimtazama kila hatua, asiondoe jicho. Ulitoka mgumu, una madonge. Beverlyne alimega kipande kidogo, akakishika kwa muda, kisha akakila. Walipofika katikati ya sahani alifuta vidole.

"Kiwanda kinanirudisha Hamburg mwakani. Kuna mafunzo ya pili."

"Na Makori?"

"Na Makori."

Wivu ukaamka, ule ule, kama mnyama aliyelala mlangoni. Haukuwa umekufa, haukuwa hata umedhoofika. Cleophas aliusikia ukimpanda kifuani, na safari hii hakujua pa kuupeleka, kwa hiyo akausema.

"Namwonea wivu yule mtu," alisema. "Hata sasa hivi."

Beverlyne alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni pake, wala ule utulivu wa kwenye video haukuwepo.

"Najua," alisema. "Nimejua muda mrefu. Ni wewe uliyekuwa hujasema."

Akamsogezea bakuli la chinsaga. "Kula, ugali unapoa."